Sura ya Saba: Upepo wa Hanang

Nahodha wa Moa, pwani ya Tanga, anayekwenda Pemba haanzi hesabu zake kwa maili. Maili za mkondo ule ni zile zile tangu enzi za babu yake. Anaanza kwa upepo: ni kusi au kaskazi, umekaza tangu lini, hulegea saa ngapi, na je, jioni utamrudisha au utamfungia ng'ambo? Wavuvi wa ngalawa nao hutoka alfajiri na umande, upepo wa nchi kavu unaowasukuma kuelekea kilindini, kisha hurudi alasiri upepo wa bahari ukiwapeleka nyumbani. Siku upepo unapokataa, vyombo hubaki vimepweleka kando ya mikoko na hakuna anayemwita mwenzake mwoga.

Watu hao hao wakialikwa kupanda mlima huiacha elimu yao pwani. Huuliza mlima una mita ngapi, kiingilio ni kiasi gani, kuna chui? Wengine huuliza kama simu inashika huko juu, maana picha lazima zirushwe siku hiyo hiyo. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza upepo wa huko unavuma kutoka wapi.

Sura hii ni ya mlima mmoja, Hanang, mita 3,420, uliosimama peke yake juu ya mji wa Katesh mkoani Manyara. Kilimanjaro haimfikishi mtu kileleni kwa siku moja, wala Meru haipandwi kwa kawaida namna hiyo. Hanang inapandika. Mwenye miguu mizuri huondoka Katesh kabla ya alfajiri akarudi kulala Katesh, bila kamba wala hema. Hapo ndipo mlima huu unapowaponza watu, maana kitu cha siku moja hudhaniwa ni chepesi. Nusu ya chini ina miti na vichaka vya kukukinga. Nusu ya juu ni mgongo wa mawe na nyasi, mwembamba, ulio wazi pande zote mbili, wenye vilele kadhaa vya uongo kabla hujafika kile cha kweli. Ukishautokea mgongo huo, hakuna ukuta, mti wala pango la maana la kujibanza.

Wanaodhani hatari ya mlima ni urefu wake wautazame Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Una mita 1,917 tu. Sehemu za juu za msitu wa Magamba kule Lushoto zimeupita. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 wapima hali ya hewa waliokuwa kileleni pale walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 1996, ilipovunjwa na kimbunga kwenye Kisiwa cha Barrow, Australia. Zaidi ya watu 150 wamekufa kwenye mlima huo tangu karne ya 19, baadhi yao wakiwa wameondoka chini asubuhi njema, wamevaa nguo nyepesi, wakiwa na nia ya kurudi kula chakula cha jioni. Hanang haina vimbunga vya namna hiyo. Somo ni lile lile hata hivyo: anayekwenda kwenye kilele kilicho wazi anakwenda kukutana na upepo kwanza, kilele baadaye.

Na upepo wenyewe tunaufahamu. Kusi inayochafua bahari ya Moa kuanzia Mei hadi Septemba haiishii kwenye minazi. Pepo za kusini-mashariki kutoka Bahari ya Hindi huvuka nchi, hupanda kuta za Usambara, hudondosha mvua yao kwenye misitu ya Amani, kisha huendelea bara zikiwa kavu. Zikifika nyanda za Singida na Manyara hakuna kikubwa cha kuzizuia. Si ajabu kwamba Singida ndiko kunakotajwa kila mara watu wanapozungumzia umeme wa upepo. Hanang imekaa katikati ya njia hiyo, peke yake. Hewa inayoukuta mlima wa namna hiyo hulazimika kuupanda na kuuzunguka, na inapobanwa juu ya mgongo huongeza mwendo. Upepo wa kawaida kule chini unaweza kuwa upepo mkali kule juu, saa ile ile.

Kuna hesabu moja ambayo kila mpandaji aiweke kichwani. Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, msukumo ni mara tisa. Upepo wa kilomita 20 kwa saa hupeperusha kanga kwenye kamba. Wa kilomita 40 hutikisa matawi makubwa na kuzifanya nyaya za umeme zilie. Ukivuka 50, kutembea kuukabili kunakuwa kazi, na ukikaribia 70 mtu mzima huyumba. Vipimo hivi vilianzia kwa mwanamaji, Mwairishi Francis Beaufort, mwaka 1805, ili manahodha waweze kuelezana upepo kwa dalili za macho bila kubishana. Juu ya Hanang, sheria yangu ni ngumu: nikianza kuchagua pa kuweka mguu kwa sababu ya upepo na si kwa sababu ya jiwe, nageuka.

Usidanganywe na utulivu wa Katesh. Usiku hewa baridi hujikusanya mabondeni na kutulia kama maji kwenye beseni, na upepo wa juu hupita bila kuigusa. Utaamka saa tisa usiku, usikie kimya, moshi wa jikoni unapanda wima, useme leo shwari. Mgongoni kunaweza kuwa kunavuma vikali wakati huo huo. Dalili ya kweli itazame kileleni. Kukipambazuka ukaona wingu jembamba limekilalia kilele na halisogei ingawa limechanika ukingoni, jua kwamba hewa inapita ndani yake kwa kasi. Wingu hujengeka upande mmoja na kuyeyuka upande wa pili, ndiyo maana unaliona limesimama. Mtabiri wa simu husaidia pia, mradi uangalie utabiri wa upepo wa mwinuko wa mita 3,000 na zaidi, usitosheke na ule wa mji.

Msimu nao. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu na mawingu ni machache, lakini ndio wakati pepo hizo zinapokaza. Januari na Februari, mvua zikipumzika, kuna siku tulivu zaidi, ila mchana mawingu ya radi hujikusanya upesi. Nikiulizwa, husema mwishoni mwa Septemba, siku upepo umelegea na mvua hazijafika. Masika msiende. Na mvua za vuli zikizidi, msiende pia, hata kama nauli imeshalipwa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, udongo wa Hanang ulimeguka, ukashuka pamoja na mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Waliofikwa na maafa hayo walikuwa majumbani na madukani mwao, hawakuwa wapandaji. Anayekwenda kwenye mlima ule kwa matembezi akumbuke kwamba anapita juu ya vichwa vya watu waliozika jamaa zao, na aongee huko kwa adabu.

Adabu hiyo ina jambo jingine. Hanang ni mlima wa heshima kwa Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao kwao una nafasi katika ibada na maombi. Ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali kinahitajika, na kiongozi wa njia mchukue wa pale pale. Wapo vijana wa mjini wanaosema njia iko kwenye simu, kiongozi wa nini? Simu inajua njia iko wapi. Haijui kwamba mzee fulani hapendi watu wapige kelele sehemu fulani, wala ni wapi mgongo hukatwa na ukungu mara kwa mara, wala nani wa kuitwa na machela mguu ukiteguka. Helikopta ya kukuteremsha haipo. Utabebwa na mabega ya watu wa Katesh, au utajiburura.

Tuje kwenye saa. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda. Katesh iko kwenye mita 1,700 hivi. Kutoka hapo hadi kileleni ni kama mita 1,700 nyingine za kupanda, yaani karibu saa tatu za mwinuko peke yake, kabla hujahesabu urefu wa njia. Kwenye karatasi inatoka saa tano. Lakini Naismith alikuwa Mskoti mkakamavu kwenye vilima vifupi vya kwao. Mtu wa pwani, kwenye hewa nyembamba na vumbi linaloteleza, aweke saa saba za kupanda na nne au tano za kushuka. Kushuka si bure: magoti huchoka, na wengi wanaoumia huumia wakati wa kurudi, akili ikiwa imeshafika hotelini.

Sasa zihesabu kinyumenyume, kuanzia giza. Mwezi Julai jua la Katesh huchwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, robo saa hivi baada ya jua la Moa, kwa kuwa Katesh iko magharibi zaidi nasi sote tunafuata saa zile zile. Giza letu la karibu na ikweta haliagi. Nusu saa tu baada ya machweo huoni jiwe. Ukitaka kuwa chini ya mstari wa miti saa kumi jioni, na nyumbani kabla ya giza, kilele lazima ukiage si zaidi ya saa saba mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Popote utakapokuwa inapogonga, hata kama kilele kiko mbele ya macho na mwenzio anasema ni dakika ishirini tu, unageuka. Ikubalianeni chini, mbele ya kiongozi, mmoja aiandike. Ikiachwa ijadiliwe juu, itajadiliwa na watu waliochoka, waliolipa nauli ya kutoka Tanga na wanaoona aibu, na mjadala wa namna hiyo una mshindi mmoja siku zote.

Kutoka saa saba mchana rudi nyuma saa saba: saa kumi na mbili alfajiri. Hapana, usingoje mpaka saa kumi na mbili, na hapa ndipo mpango unapoanza kukupima. Ondoka saa kumi usiku, tochi ya kichwani ikiwaka, na uone unavyokwenda. Kama saa tatu asubuhi hujafika kwenye sehemu tambarare wanapopiga kambi wale wa siku mbili, kwa takriban mita 2,700, wewe si mtu wa kilele siku hiyo. Hilo halina ubaya. Kambini pale, hali ya hewa ikiwa safi, unatazama chini kwenye ziwa la chumvi la Balangida na bonde lote la ufa, na chai ya tangawizi ina ladha ile ile.

Baridi watu wa Moa huikadiria vibaya kuliko kitu kingine chochote. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Katesh ikiwa na nyuzi 15 asubuhi, kileleni zitabaki kama 4. Nyuzi 4 peke yake unaweza kuzivumilia ukitembea. Tia upepo wa kilomita 40 kwa saa, na ngozi yako inapoteza joto kana kwamba hewa iko chini ya sifuri. Tia na jasho. Fulana ya pamba iliyoloa mgongoni wakati wa kupanda, ikikutana na upepo pale unaposimama kupiga picha, inaweza kumtetemesha mtu mpaka maneno yampotee. Hapo si utani tena. Mtu anayetetemeka na kujikwaa kwa ulimi kama mlevi avuliwe nguo mbichi, avalishwe kavu na ateremshwe upesi.

Kwa hiyo pamba iache nyumbani. Mavazi yote yanayofaa yanapatikana kwenye mitumba, kwa bei isiyoumiza: fulana ya michezo ya nailoni inayokauka haraka, sweta la sufu au lile jepesi lenye manyoya ndani, na juu yake jaketi la kuzuia upepo lenye kofia inayokazwa kwa kamba. Lijaribu hapo hapo sokoni: weka kitambaa mdomoni, pumua kwa nguvu, pumzi ikipita upande wa pili, upepo nao utapita. Glovu, na mzula wa kufunika masikio. Kofia ya kiua ya darizi nzuri ibaki kwa ajili ya Ijumaa, maana mgongoni itakwenda Balangida bila wewe. Mwavuli ni mzaha. Hata lile koti la mvua la shuka moja pana lina hila yake: likijaa upepo linakuwa tanga, na wewe ndiye mlingoti. Akina dada wasivae buibui juu ya mgongo ule. Suruali pana, kanzu fupi na hijabu ya kuvutika isiyohitaji pini hutosha kwa stara na kwa usalama. Viatu viwe vimeshazoea mguu, vyenye soli ya meno. Raba za kutembelea Barabara ya Ishirini mjini Tanga hazitashika udongo ule wakati wa kushuka.

Jaketi livae kabla ya kuutoka msitu, wala si baada ya kuanza kutetemeka. Pumzika upande wa demani, yaani upande ule mlima unapokukinga, hata ikibidi utelemke hatua kumi kutoka kwenye njia. Nahodha yeyote angefanya hivyo bila kuambiwa.

Kuna hewa nyembamba pia. Kwa urefu wa mita 3,400 kila pumzi ina kama theluthi mbili ya oksijeni uliyoizoea pwani. Kuanzia mita 2,500 baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa, kupata kichefuchefu na kizunguzungu, na haijalishi wewe ni kijana wa mazoezi au la. Ukitoka Moa jana ukalala Katesh usiku mmoja tu, unajitafutia. Lala siku mbili, tembea vilima vya karibu, kunywa maji. Kichwa kikiuma juu, pumzika na usipande tena, kikizidi, shuka. Dawa ya kutuliza maumivu inaficha dalili, haiondoi sababu.

Maji hakuna njiani. Kila mtu abebe lita nne, azibebe mwenyewe. Chakula si jambo la kufikiria sana: tende, karanga, viazi vya kuchemsha, chapati mbili, ndizi. Watu wa Tanga hupenda kubeba pilau. Pilau iliyopoa kwenye upepo, inayoliwa kwa mkono uliokufa ganzi, ni adhabu. Mwezi wa Ramadhani usipange safari hii kabisa. Na swala ya adhuhuri iingize kwenye ratiba tangu chini, mahali penye kinga. Msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kujumuisha, azitumie.

Radi ikisikika, hata kwa mbali, mgongo uacheni papo hapo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Msingoje hesabu ipungue.

Kama hujapanda kitu chochote maishani, usianzie Hanang. Anzia Mlinga, juu ya Muheza, mita 1,069, ambao kutoka Moa ni safari ya kwenda na kurudi siku ile ile. Ni mlima wa heshima pia, kwa Wabondei, kwa hiyo omba ruhusa na mchukue mwenyeji. Hautakupa baridi ya Hanang wala hewa yake nyembamba, ila utakuonyesha jaketi lako linavuja wapi, kiatu kinakubana wapi, na ni nani kati ya wenzako asiyekubali kugeuka saa ya kugeuka ikifika. Huyo wa mwisho mwacheni nyumbani safari ya Hanang.

Kabla ya kuondoka Katesh, mwachie mtu mmoja mjini majina yenu, njia mliyochagua na saa ambayo akiwa hajawasikia aanze kupiga simu. Weka saa mbili usiku. Simu zenu zijazeni usiku, zizimeni njiani. Baridi hula chaji. Na kibali kikateni siku moja kabla, kwa sababu saa kumi za usiku ofisi imefungwa.